Masomo ya bure Kasongo: mia iliyotimia bila watoto wa chuo

Septemba 2019 shule za msingi za umma zilitangazwa kuwa za bure Kongo nzima, Kasongo na Kabambare zikiwemo. Kifungu cha 43 cha Katiba kilikuwa kimeahidi hivyo tangu 2006. Lakini huku kusini mwa Maniema, swali la nani anastahili fedha za Leta, yaani Serikali, lina umri mrefu kuliko Katiba yenyewe.

Wa kwanza kufaidi walikuwa Wakatoliki. Mkataba wa 1906 kati ya dola ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na Vatikani uliwapa mapadri ardhi ili wafungue shule. Tangu 1925 ikaja ruzuku. Waprotestanti walingoja hadi 1948. Kasongo, mji wa mfanyabiashara Mwislamu Tippu Tip, ulikuwa na Waislamu wengi. Wao walikuwa na chuo, ambako mtoto alisoma Kurani, na chuo hakikuwa na fungu.

Mwaka 1954 ugomvi ukalipuka. Auguste Buisseret, waziri wa Makoloni, mliberali asiyeelewana na makasisi, alianza kufungua shule za Serikali zisizo za dini na kubana ruzuku ya misioni. Maaskofu wakachachamaa. Mtafiti Patrick Boyle, aliyevichambua vita hivyo vya shule, anaonyesha jinsi vilivyotia ufa ushirika wa Kanisa na wakoloni. Mwishowe walipatana kwa hesabu: asilimia 45 shule za Serikali, 45 Wakatoliki, 10 Waprotestanti. Jumlisha, mia imetimia. Chuo hakikubakiziwa hata faranga. Mzazi Mwislamu aliachiwa tumaini moja: shule ya Serikali, ambako mwanawe angesoma Kifaransa bila kupitia kwa padri.

Baada ya uhuru, Rais Mobutu alizitaifisha shule 1974, akayarudishia makanisa usimamizi 1977. Waislamu nao wakaja kupata mkataba wao. Miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ukawa mzigo wa wazazi. Mwaka 2010 madarasa ya mwanzo yalianza kufutiwa ada.

Leo mtoto haulizwi dini yake, na hilo ni la kujivunia. Ila wapo walimu wanaoshika chaki ilhali majina yao hayajaingia kwenye orodha ya mishahara. Mwalimu naye ana watoto wa kulisha. Ndipo mzazi, aliyeambiwa ni bure, anaombwa tena mchango, safari hii kwa sauti ya chini.