Tansio ya mama wazee: namna munganga anaweza kuifuata kwa mbali

Kufuata afya kwa mbali maana yake ni hii: mgonjwa anajipima nyumbani, vipimo vinafika kwa munganga kwa njia ya simu, naye munganga anarudisha jibu. Kuna mashini zinazotuma namba zenyewe kwa intaneti. Lakini daftari na SMS vinaweza kufanya kazi hiyo pia.

Sababu gani mama wazee?

Baada ya hedhi kukoma, tansio ya wanawake wengi inapanda, na mara nyingi haiumi. Mwaka 2021, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilisema kwamba watu bilioni 1.28 wa miaka 30 mpaka 79 wana tansio ya juu, na karibu nusu yao hawajui. Wengine wanajua siku ile upande moja wa mwili unapopooza.

Tshopo ndilo jimbo kubwa kuliko yote ya RDC: karibu kilometa mraba 200,000. Hata mjini Kisangani, komini ya Lubunga iko peke yake ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, na daraja hakuna. Mama wa Lubunga anayefuatwa na munganga wa Makiso analipa mtumbwi kwenda na kurudi, kwa kipimo cha dakika chache.

Wazo lenyewe si jipya hapa. Kuanzia 1920, munganga Clement Chesterman na wenzake wa misioni ya Yakusu, chini ya mto kutoka Kisangani, walifundisha wauguzi waliosimamia dispanseri za vijijini. Matunzo yaliwafikia watu kwao.

Kupima vizuri

Mashini inayofungwa juu ya kiwiko ni ya kuaminika kuliko ile ya kifundo cha mkono. Mama aende haja ndogo kwanza, akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono kwenye usawa wa moyo. Kahawa na sigara viachwe nusu saa mbele. Apime mara mbili asubuhi kabla ya dawa, na mara mbili jioni, kisha aandike tarehe, saa na namba.

Nyumbani, wastani wa siku kadhaa ukifika 135/85 ni tansio ya juu. Kwenye kituo cha afya ni 140/90. Namba ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda ao mkono kulegea, si saa ya SMS: apelekwe hospitali mara moja. Dalili hizo peke yake zinatosha, hata kama mashini inaonyesha namba nzuri.

Tena, ile mashini ndogo ya kidole inayopima oksijeni inaweza kuonyesha namba ya juu kuliko kweli kwa mtu wa ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha hivyo. Kama mama anahema na mashini inasema ni sawa, aaminiwe mama.

Nani anasoma namba?

Hapo ndipo mambo mengi yanaharibika. Namba isiyosomwa na mtu haimlindi mgonjwa. Inatuliza familia bure. Mwaka 2019, OMS ilishauri kwamba matunzo kwa simu yasaidie yale ya uso kwa uso, yasichukue nafasi yake. Na bila dawa, kipimo peke yake hakishushi tansio.

Mbele ya kununua mashini, familia ikubaliane na muuguzi:

- Nani atasoma namba, siku gani na saa gani?
- Jibu lisipokuja, nani apigiwe simu?
- Nani atalipa inite?
- Umeme ukikatika, daftari litapelekwa wapi?
- Kama koko anatumia simu ya mjukuu, amekubali mjukuu asome habari za ugonjwa wake?

Swali la mwisho linaulizwa kwa koko mwenyewe, si kwa mwenye simu.