Vipepeo vya usiku bustanini: namna ya kumtambua adui wa muhindi

Kiwanja, katika teritware ya Rutshuru, iko karibu kilomita 70 kaskazini ya mji wa Goma, pembeni ya Mbuga ya Virunga. Wakaaji wengi wanaishi kwa shamba: muhindi, maharagi, soya, na bustani ndogo ya lengalenga na nyanya nyuma ya nyumba. Jioni taa ikiwashwa, vipepeo vya usiku vinakuja kuizunguka. Wengi wanaviona kuwa vidudu vya bure tu. Kumbe kimoja kati yao kinaweza kuharibu chakula cha jamaa nzima.

Ni kile kinachozaa kiwavi ambacho maagronomu wanaita kwa Kifaransa chenille légionnaire d'automne. Kilitoka Amerika, kikajulikana Afrika mwaka 2016, na bila kukawia kikafika Kongo. Jike moja linaweza kutaga mayai zaidi ya 1.000, kwa mafungu yaliyofunikwa na kitu kama manyoya. Kisha siku 3 hivi, yanaanguliwa. Kiwavi kinakula wiki 2 mpaka 3, halafu kinaingia ndani ya udongo na kugeuka kipepeo. Wakati wa joto, mzunguko wote unachukua kama mwezi mmoja.

Alama zake

Kichwani, kiwavi kina herufi Y nyeupe iliyopinduliwa. Karibu na mkia kuna madoa 4 meusi, yamepangwa kama kona za mraba. Ukikuta majani yenye matundu na kitu kama unga wa mbao katika moyo wa muhindi, kiwavi kimo humo.

Si vyote ni adui

Vipepeo vikubwa vya usiku vyenye mdomo mrefu vinabeba unga wa maua ya mapapai, na matunda yanapatikana. Dawa ya kupuliza haichagui: inaua kiwavi, lakini pia nyuki, na vilevile manyigu na chungu wanaokula viwavi. Popo, chura na kinyonga nao wanakula vidudu. Watu wengi wanaua kinyonga kwa woga, lakini hana sumu, na kazi yake bustanini ni ya bure.

La kufanya

Kagua muhindi mara mbili kwa wiki tangu unapoota. Ponda mayai kwa vidole. Weka majivu ao mchanga kidogo katika moyo wa mmea wenye kiwavi. Changanya muhindi na maharagi, na pembeni acha maua ya kulisha manyigu.

Mwenye kutaka kuona vipepeo atundike shuka nyeupe na torshi ndani ya parseli yake, usiku usio na mwezi. Haina lazima kwenda shambani usiku, kwani usalama ni mdogo. Asubuhi na mapema, mayai na viwavi vinaonekana vizuri.