Programu isiyo na mwenyewe: nani anaamua?

Mwezi Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Iliitwa Jambo OpenOffice, na ilitokana na mradi wa Kilinux, walioufanya wataalamu wa chuo hicho pamoja na wenzao wa Sweden. Hawakuhitaji ruhusa ya mtu. OpenOffice ilikuwa programu huria: kampuni ya Sun ya Marekani iliufungua msimbo wake mwaka 2000, na leseni ilimruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa.

Lakini ruhusa ya kubadilisha si mamlaka ya kuamua. Watu waliojitolea nchi mbalimbali walitafsiri, walisahihisha makosa na walijibu maswali ya watumiaji, hali jina la programu na kauli ya mwisho vilibaki kwa Sun. Mwanzoni waliahidiwa taasisi huru itakayoisimamia kazi hiyo. Miaka kumi ikapita bila taasisi.

Januari 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle, na subira ikaisha. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo, baadhi ya viongozi wa jumuiya walitangaza taasisi yao wenyewe, The Document Foundation. Msimbo waliuchukua, kwa kuwa leseni iliwaruhusu. Jina hawakuweza kulichukua, basi wakaiita programu yao LibreOffice. Oracle ilialikwa ijiunge na itoe jina la zamani, haikukubali. Mwezi uliofuata waliojiunga na taasisi mpya walitakiwa kutoka katika baraza la OpenOffice. Mwaka 2011 Oracle yenyewe iliikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache, lakini watu wengi walikuwa wamekwisha kuhama.

Sisi wa Maskati tunaujua mgawanyo wa namna nyingine. Mwaka 1861 Lord Canning, aliyetawala India kwa niaba ya Waingereza, aliwatenganisha watoto wa Seyyid Said: Thuwaini akabaki na Oman, Majid na Zanzibar, na Zanzibar ikatakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Nchi haina nakala mbili, ndiyo maana ilibidi mmoja amfidie mwenzake. Msimbo unanakiliwa, na aliyeachwa bado anao wote. Kwa maoni yetu hapo ndipo ilipo nguvu ya wanaojitolea: kiongozi hawezi kuwaamuru watu asiowalipa, na anajua kwamba wakichoka wataondoka na kazi nzima.

Waliohama hawakuishi bila sheria. Taasisi yao iliandikishwa Berlin mwaka 2012. Uanachama haununuliwi, mtu huupata kwa kazi aliyoifanya, iwe msimbo, tafsiri au kufundisha wengine, na wanachama ndio wanaochagua bodi ya watu saba. Viti vya watu wa kampuni moja vimewekewa kikomo, kwa sababu yaliyopita hayakusahauliwa.

Utaratibu huu ni wa haki kuliko ule wa Sun, ingawa humpendelea mwenye nafasi na intaneti nzuri. Kiswahili kimo katika LibreOffice kwa alama ya sw-TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Kama neno liwe "faili" au "jalada", "kompyuta" au "tarakilishi", huamua yule aliyekaa akatafsiri. Kiswahili cha bibi zetu wa hapa Maskati hakina alama yake humo, na hakuna aliyekizuia.