SEHEMU YA 7: Bibi alizaliwa mwaka gani?

Tulipoongea kuhusu sukari na presha za kurithi, wengi mliuliza kitu kimoja: "Nesi, nikiulizwa kliniki historia ya ukoo nijibu nini? Bibi mwenyewe hajui hata mwaka aliozaliwa."

Mara nyingi bibi anajua, sema tunamuuliza kama fomu ya ofisini. Huku kwetu Karatu na Ngorongoro kila kabila limeweka kumbukumbu zake mahali pake, kwa hiyo swali la kumuuliza bibi wa Kiiraqw siyo la kumuuliza koko wa Kimasai.

Tuanze na Wairaqw, ndio wengi hapa Karatu. Asili yao ya karibu ni Mama Isara, kule juu Mbulu, upande wa Kainam. Katika karne ya 20 familia zilishuka kidogo kidogo kutafuta shamba na malisho, mpaka Karatu, Mbulumbulu, Oldeani. Kwa hiyo uliza njia: "Bibi, mlitoka wapi mkaja wapi, na nani alikuwa mgongoni?" Aliyekuwa mgongoni ndiye anakupa mwaka. Na kumbuka Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu hadi miaka ya 1990, hivyo ukikuta cheti cha ubatizo kimeandikwa Mbulu usidhani ni cha ukoo mwingine.

Wamasai wao wanahesabu kwa rika. Nyangusi walikuwa morani miaka ya 1940 na 1950, Seuri wakafuata kipindi cha Uhuru, Makaa wakaja miaka ya 1970. Koko muulize alipokuwa msichana alicheza na morani wa rika lipi. Akisema Seuri, unaweza kukadiria alizaliwa miaka ya 1940 mwishoni au 1950 mwanzoni. Ila marehemu usimtaje jina hovyo. Kwa desturi yao ni kosa, mzee atanyamaza na wewe utadhani amesahau. Sema "baba yake fulani". Wala usitafute makaburi sana, zamani waliozikwa walikuwa wachache, watu wa heshima.

Wadatoga ni kinyume kabisa. Mzee wao mkubwa akifariki anajengewa kilima cha kaburi, bung'ed, na shughuli yake inachukua miezi. Walikaa ndani ya Kreta ya Ngorongoro kabla ya Wamasai kuwaondoa katika karne ya 19, na makaburi ya wazee wao bado yako humo. Watalii wanapita wanaangalia faru, kumbe pale kuna babu wa mtu.

Wamasai nao yaliwakuta. Mwaka 1892 Mzungu mmoja, Oscar Baumann, alifika kreta akawakuta kina mama wamebaki mifupa kwa njaa, maana sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe. Mwaka 1959 waliokuwa wakiishi Serengeti wakahamishiwa Ngorongoro. Tangu 2022 familia nyingine zimehamia Msomera, Handeni. Kama ndugu zako wamo, fanya haraka: mtoto aliyezaliwa Msomera hataoneshwa kwa kidole kisima alichochota bibi yake. Rekodi sauti ya bibi kwenye simu, ataje vilima na mito kwa majina.

Kwa kabila lolote, kalenda hii inasaidia: Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, operesheni vijiji katikati ya miaka ya 1970, vita vya Kagera 1978 hadi 1979, mvua za El Niño 1997 na 1998. "Mama alikuwa ameota meno wakati wa vita?" Hapo bibi anajibu bila kusita.

Sasa lile gumu. Ukimuuliza bibi alizaa watoto wangapi, anaweza kukutajia walio hai tu. Kwa Wairaqw kulikuwa na miko ya meeta: mama aliyefiwa na mtoto au aliyeharibikiwa na mimba alitengwa na majirani kwa muda mrefu. Hakupewa pole kama tunavyopeana leo, alikaa peke yake. Mtu aliyepitia hayo hawezi kukuhadithia mbele ya wakwe, redio inapiga kelele. Kaa naye jikoni mkichambua mboga. Uliza, "Bibi, kuna waliotangulia?" kisha nyamaza. Akitaja mimba zilizotoka, kifafa cha mimba, mapacha, damu nyingi baada ya kujifungua, ziandike nyuma ya daftari na uje nazo kliniki hudhurio la kwanza. Akilia mwache alie, usimharakishe wala usirekodi.

Sehemu ya 8 nitaeleza cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na majina ya babu mnayoyakata yasipotee.