Muyaka na Kengele ya Kisauni

Matatu ikishavuka daraja la Nyali, makanga huita "Kengeleni!" na abiria hushuka bila kuiangalia kengele yenyewe. Ipo pale pale njia panda, masalia ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa Kisauni mwaka 1875 na wamisheni wa shirika la Church Missionary Society (CMS) kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Ililia kuwaita watu ibadani, na ililia pia watekaji wa watumwa walipohofiwa kuja. Kwa ushairi haikuwa na habari. Hata hivyo, mashairi ya malenga mkubwa kuliko wote wa Mvita, yaani Mombasa, yaliokoka kwa juhudi za mwalimu mmoja wa Kiswahili na mmisheni mmoja wa shirika hilo hilo lenye kengele.

Malenga huyo ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, anayekisiwa kuishi kati ya 1776 na 1840. Leo anafundishwa kama babu wa kanuni, mtu wa kuwakemea vijana wasiofuata vina na mizani. Wanaomsoma hivyo wanasahau kwamba zama zake yeye ndiye aliyekuwa mjaribu mambo. Ushairi ulioandikwa na kutunzwa hadi zama zake ulikuwa zaidi wa dini: tenzi ndefu kama ule wa Tambuka wa 1728, au mawaidha kama Al-Inkishafi, unaolilia magofu ya Pate. Muyaka akalishika shairi la mishororo minne, mizani kumi na sita kwa mshororo, vina kati na mwisho, akalitwika mizigo isiyozoeleka: mapenzi, madeni, njaa, biashara ya vyombo, masengenyo ya mjini, na siasa iliyokuwa ikiwaka moto. Wahakiki wamezoea kusema aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Msemo huo umechakaa kwa kurudiwa, lakini si wa uongo.

Siasa yenyewe ilikuwa kali. Mombasa ilitawaliwa na ukoo wa Mazrui, nao hawakutaka kumtii Seyyid Said wa Omani. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Mombasa na Pate waliishambulia Lamu, wakavunjwa vibaya ufuoni Shela, na Lamu ikamkimbilia Seyyid Said kwa ulinzi. Mwaka 1824 nahodha Mwingereza, Owen, aliiweka Mombasa chini ya bendera ya Kiingereza. Miaka miwili baadaye ikateremshwa. Mashambulizi ya Omani yalifuatana, hadi 1837 Mazrui wakapoteza ngome ya Mombasa. Muyaka alikuwa upande wao tangu mwanzo. Mashairi yake yalikuwa silaha: yalitia watu moyo, yalikejeli adui, na yalikwenda kwa mafumbo hadi Lamu, ambako Bwana Zahidi Mngumi naye hakukaa kimya.

Hapo ndipo ilipo kazi yake kama mtu wa hadhara. Shairi la kujibizana halikai kwenye karatasi likingoja msomaji. Linaghanwa barazani, linashikwa na masikio, linachukuliwa na mabaharia, na jibu lisipokuja watu wanajua nani kashindwa. Fumbo zuri ni lile ambalo mlengwa analielewa mara moja na asiweze kulalamika.

Ila kitu kinachoishi mdomoni hufa na wenye midomo. Muyaka alipofariki, mashairi yalibaki kwenye kumbukumbu za wazee na karatasi za hapa na pale. Miaka arubaini hivi baadaye akafika pwani William Taylor, mmisheni wa CMS. Frere Town ilikuwa makao makuu ya shirika lake katika pwani hii, na uhusiano wa kisiwa cha Mombasa na kijiji hicho haukuwa mtamu: wenye watumwa walilalamika kwamba watu wao wanatorokea misheni. Katikati ya uhasama huo Taylor alipata msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyemkusanyia na kumwandikia mashairi ya Muyaka, pamoja na maelezo ya tukio lililozaa shairi. Huyo Sikujua, licha ya jina lake, ndiye aliyejua. Bila maelezo yake mafumbo mengi ya Muyaka yangekuwa kufuli zisizo na funguo.

Kazi haikuwa rahisi. Mashairi yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo katika hali yake ya kawaida hazina p wala v, na hazitenganishi o na u. Kimvita nacho kina sauti ambazo hata maandishi ya leo hayazionyeshi. Paa la nyumba na paa wa porini huandikwa sawa, lakini Mmvita humtamka mnyama kwa pumzi; vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa pwani. Kwa mshairi anayecheza na maneno, pumzi hiyo ndiyo mzaha wenyewe. Taylor aliisikia, akaitafutia alama, na kwa hilo anastahili shukrani hata kwa wasiopenda mahubiri yake.

Mwalimu Sikujua alifariki 1890, kabla ya kukiona kitabu cha mashairi hayo. Kilichapishwa mwaka 1940, na si Mombasa wala London bali Johannesburg, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mhariri alikuwa William Hichens. Mfululizo uliokibeba ulikuwa umefunguliwa 1935 na diwani ya B. W. Vilakazi, Inkondlo kaZulu, ambamo mshairi alijaribu kuutia vina ushairi wa Kizulu. Vina ambavyo Mombasa ni sheria, kule kusini vilikuwa jaribio jipya lililozua ubishi. Muyaka, naona, angeufurahia ubishi huo na pengine kuutungia.

Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alichapisha utafiti mkubwa juu yake, akamrudisha mikononi mwa wasomaji wa nyumbani. Na Kongowea, jina ambalo zamani lilikuwa la Mombasa yenyewe, leo ni la soko kubwa lililo mwendo mfupi tu kutoka kwenye ile kengele. Alfajiri wachuuzi wa nyanya na vitunguu hutupiana vijembe kwa sauti, na anayekosa jibu huchekwa na soko zima.