Kuku walivyopimwa thamani ya maranda

Mwaka 1965 kamati ya Profesa F. W. Rogers Brambell iliikabidhi serikali ya Uingereza ripoti kuhusu mifugo inayofugwa kwa wingi ndani ya mabanda. Pendekezo lake mojawapo lilikuwa kwamba wavu mwembamba wenye matundu ya pembe sita usitumike kuwa sakafu ya vizimba vya kuku wa mayai. Wajumbe walikuwa wasomi wenye nia njema, ila kuku wenyewe hawakuulizwa.

Waliowauliza ni watafiti Hughes na Black, ambao mwaka 1973 walichapisha matokeo ya jaribio jepesi: waliwawekea kuku sakafu za aina mbalimbali, wakaangalia wanapendelea kukaa wapi. Kuku walichagua wavu uleule uliokataliwa na kamati.

Hata hivyo, kupenda kitu si kukihitaji. Huko Oxford, mtafiti Marian Stamp Dawkins aligundua kwamba kuku huacha kizimba kikubwa cha waya mtupu wakaingia kidogo chenye matandazo. Je, wangekubali kugharimika kiasi gani? Mwaka 1983 aliazima kipimo cha wachumi: unga ukipanda bei familia hubana kwingine ikaendelea kuununua, bali anasa huachwa. Kuku hana fedha, kwa hiyo hulipa kwa kazi, au kwa kukosa kitu kingine. Matandazo yaliposhindanishwa na chakula, kuku wenye njaa walifuata chakula. Dawkins alilisema hilo waziwazi, ingawa lilipunguza nguvu ya hoja ya wanaopinga vizimba, na ndiyo maana kazi yake inaaminika.

Watafiti wa New Zealand walikwenda mbali zaidi katika miaka ya 1990. Kuku alidonoa kitufe ili afunguliwe sehemu yenye matandazo, kisha idadi ya kudonoa ikaongezwa hatua kwa hatua hadi alipoacha. Sasa kila aina ya matandazo ikawa na bei yake.

Kwa nini kuku ahangaike hivyo? Matandazo humwezesha kuoga vumbi, na vumbi huondoa mafuta yaliyochakaa kwenye manyoya. Akiwa huru, huoga vumbi takribani kila baada ya siku mbili, kwa muda wa kama nusu saa. Asipolipata, hujilaza juu ya waya na kutikisa mabawa kana kwamba vumbi lipo. Kwangu mimi, ushahidi huu una uzito kuliko grafu yoyote.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 ilipiga marufuku vizimba vitupu kuanzia Januari 1, 2012, na ikataka kuku wa mayai wapate matandazo ya kudonoa na kuchakura. Mfugaji wa Kenya au Tanzania anayeshawishiwa leo kununua vizimba vya waya, kwanza apige hesabu ya banda lenye matandazo ya maranda. Kwa seremala wa jirani hayana bei kubwa.