Kilowati-saa, si kilowati kwa saa

Katika habari za magari ya umeme kuna kosa la kalamu linaloharibu hesabu nzima. Huandikwa kwamba betri ya gari ina "kilowati 60 kwa saa", kisha aya mbili mbele tunaambiwa mashine ya kituoni inachaji kwa "kilowati-saa 50". Vipimo vyote viwili vimekosewa. Msomaji anayetaka kujua atasubiri dakika ngapi hawezi kupata jibu humo, hata akiwa hodari wa kuzidisha na kugawanya.

Kilowati ni kipimo cha nguvu, yaani kasi ya nishati kupita. Wati, iliyopewa jina la Mskoti James Watt, ni jouli moja kwa sekunde. Kilowati ni jouli 1,000 kwa sekunde. Muda umo ndani yake tayari, hivyo hakuna haja ya kuongeza "kwa saa". Kilowati-saa ni kiasi cha nishati: nguvu ya kilowati moja ikiendelea kwa saa nzima, jumla yake jouli 3,600,000. Kistari kile kinazidisha. Neno "kwa" katika "kilomita 80 kwa saa" linagawanya. Kiswahili kimezitenga njia hizo mbili vizuri, na anayeandika "kilowati kwa saa" amegawanya pale alipotakiwa kuzidisha.

Neno jepesi zaidi tunalo. Anayenunua umeme wa LUKU Tanzania anaijua uniti, na uniti moja ndiyo hiyo hiyo kilowati-saa moja. Nguvu nayo si ngeni masikioni: Bwawa la Julius Nyerere hutajwa kwa megawati 2,115, yaani mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, na hakuna anayedhani hizo ni uniti. Nashauri waandishi washike mgawanyo huo bila kuyumba: kilichomo ndani ya betri kihesabiwe kwa uniti, na kasi ya kukiingiza kwa kilowati.

Tuipime Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya uniti 24. Soketi ya nyumbani ya pini tatu, ampea 13 kwa volti 230, hutoa wati 2,990, karibu kilowati 3. Uniti 24 kwa kilowati 3 ni saa nane, na zaidi kidogo kwa kuwa sehemu ya nishati hupotea njiani kama joto. Hapo hesabu inakubali.

Kwenye mashine ya kilowati 50 inaanza kugoma. Nissan ilitaja dakika 30 hivi kufikisha asilimia 80. Hizo ni uniti 19 na kidogo, ambazo kwa kilowati 50 zingeingia kwa dakika 23. Zikiingia kwa nusu saa, wastani ni kilowati 38. Hyundai Ioniq 5 ya uniti 77.4, kwa takwimu za kampuni yenyewe, hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18 ikiwa kwenye mashine ya kilowati 350. Ni uniti 54. Wastani ni kilowati 180, nusu tu ya namba iliyobandikwa kwenye mashine.

Mashine haikudanganya. Namba ile ni kikomo chake, na anayeamua ni gari: kompyuta ya betri huiambia mashine ilete ampea ngapi, na kadiri betri inavyojaa ndivyo inavyoomba kidogo. Ioni za lithiamu huingia ndani ya grafiti ya betri kama abiria wa daladala: wa kwanza hukaa popote, wa mwisho hujipenyeza. Zikisukumwa kwa nguvu wakati nafasi imebana, lithiamu huganda juu ya grafiti kama metali na betri huharibika. Baridi kali huleta hatari hiyo hiyo. Joto nalo hulazimisha gari kujizuia, na Leaf za mwanzo, zisizo na kimiminika cha kupoza betri zake, huhisi hilo mapema safarini zikichajiwa kwa kasi mara kadhaa mfululizo.

Kuna kikomo cha volti pia. Nguvu ni volti mara ampea. Ikiwa waya wa mashine unapitisha ampea 500, betri ya volti 400 itapata kilowati 200 basi, hata mashine iwe ya 350. Betri ya volti 800 ingeweza kufika 400. Hii ndiyo sababu Porsche Taycan na Ioniq 5 zilijengwa kwa volti zinazokaribia 800.

Kwa hiyo "chaji ya haraka" ni jina ninalolisoma kwa tahadhari. Naona "chaji ya kasi" linafaa zaidi, maana kasi hupimwa, na likiandikwa lifuatwe na kilowati za mashine na kilowati za gari. Tofauti inaweza kuwa kubwa. Nguzo ya kilowati 22 inayotoa mkondo geu haigeuzi umeme uwe mkondo mnyoofu unaohitajiwa na betri. Kazi hiyo inaachiwa kifaa kilichomo garini. Leaf za mwanzo zilikuwa na kifaa cha kilowati 3.3. Zikichomekwa kwenye nguzo hiyo zilipokea 3.3, na 18.7 zilizobaki hazikuwa na wa kuzitumia. Mashine za kilowati 50 na kuendelea hugeuza umeme zenyewe na kuupeleka moja kwa moja kwenye betri.

Mkanganyiko huu unagusa mfuko. Uingereza, kwa kanuni za 2023, ilivitaka vituo vya umma vionyeshe bei kwa kila kilowati-saa. Kituo kinachotoza kwa dakika kinauza muda: mwenye betri iliyofika asilimia 90, inayopokea kilowati chache tu, analipa kila dakika sawa na jirani anayevuta kilowati 150. Kabla ya kuchomeka waya, muulize mhudumu bei ni ya dakika au ya uniti. Ikiwa ni ya dakika, chomoa ukifika asilimia 80.